Fuso Fighter 6D17: spea zipi ninunue kwa wakala, zipi nichukue kopi?

mahindi_kibaigwa
Wakuu, habari zenu. Fuso Fighter, injini 6D17, inakusanya mahindi vijijini Kongwa na Kiteto, inaleta Kibaigwa, mara nyingine inavuka mlima Sekenke kwenda Shinyanga. Inachemsha mlimani na klachi imeanza kuteleza. Nahitaji filta zote tatu, thermostati, klachi kamili na lainingi za breki za nyuma. Bei ya wakala ni karibu mara tatu ya maduka ya hapa Dodoma, na madukani kila boksi "Japani". Hela ya kununua vyote kwa wakala haipo. Nibane wapi?

Spana_17
Mkuu, kila spea iulize swali moja: hii ikifa, inakufa peke yake au inaondoka na kitu kingine? Taa, vioo, madigadi, chukua kopi ulale usingizi.

Filta usicheze nazo. Ya oili ina valvu ndani, inafunguka karatasi ikiziba. Springi yake ikiwa laini, inafunguka muda wote, oili inazunguka bila kuchujwa na kwa nje huoni kitu. Ya dizeli inalinda pampu na nozeli, ambazo nafasi zake ni za mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita).

Ya hewa ndiyo kubwa kwa njia zako za vumbi. Bonyeza mpira wa ukingoni kwa kidole gumba. Ukiachia urudi palepale. Ukibaki na shimo, iache dukani. Ingiza taa ya simu ndani ya filta, zungusha taratibu: kinachotafutwa ni nukta ya mwanga mkali, hasa karatasi inapogusana na gundi. Baada ya wiki ya kazi fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda injini, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu kwa vumbi, ringi na silinda zinasagwa tayari.

Rejeta_Kizota
Kabla ya kununua thermostati (valvu inayoruhusu maji ya injini kwenda rejeta yakipata moto), chungulia rejeta. Gari la mahindi hilo! Pumba zinajaa kwenye mapezi mpaka hewa haipiti. Osha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, presha ndogo, mapezi yasilale.

Thermostati ipimwe, ya wakala au ya kopi. Ina namba imegongwa, digrii za kuanza kufunguka, kwa mfano 76.5 au 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba yake, na ikifika digrii 13 hadi 15 juu ya hapo iwe wazi kabisa, milimita 8 au zaidi. Dodoma tuko juu, maji yanachemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo ya 82 utaiona ikimaliza kufunguka maji yanapokaribia kuchemka. Inayofunguka nusu rudisha.

Na fundi akikwambia "itoe kabisa, utapona", kataa. Zile zenye kisahani cha pili kwa chini, kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Unazidisha ugonjwa.

Spana_17
Klachi: pleti, presha (sahani inayoibana pleti) na beringi vibadilishwe pamoja, na flaiwili, gurudumu la injini ambalo klachi inabana, ikaguliwe: ikiwa na nyufa ndogo za juujuu au madoa ya bluu, ipelekwe kuchongwa, nyufa zikiwa za kina ibadilishwe. Hapa huhitaji boksi la Fuso. Exedy wanatengenezea viwanda vya magari Japani, boksi lao wenyewe huwa nafuu. Lainingi kopi nzuri inatosha, ila badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli. Ngumu kupita kiasi inakula dramu. Laini inang'aa kama kioo kwenye mteremko na breki inapotea.

mahindi_kibaigwa
Asanteni. Saizi ya klachi nitaijuaje kabla ya kushusha gia boksi?

Rejeta_Kizota
Piga picha kibati cha chasisi, mpelekee wakala akupe namba ya spea. Ukiwa nayo, nunua popote. Ila gari la mtumba huenda lilishabadilishwa gia boksi, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kurudisha, na pleti ya zamani ikitoka pima kipenyo na uhesabu meno ya katikati kabla hujachana nailoni ya mpya.