Turbo inapiga mluzi, mlimani gari halina nguvu. Fundi anasema imekufa, nimwamini?

Mleta uzi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina gari la dizeli lenye turbo. Wiki ya pili sasa nikikanyaga mafuta nasikia mluzi unaopanda, mlimani gari linakata nguvu kabisa, na nyuma naacha moshi mweusi tii. Oili haipungui. Fundi kafungua boneti, kasikiliza dakika mbili, kasema turbo imekufa nikanunue nyingine. Mimi hata sijui hiyo turbo inafanya kazi gani. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Spana Kumi:
Pole mkuu. Turbo ni kama feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza iko njia ya ekzosi, moshi wa moto unaotoka kwenye injini unaizungusha. Ya pili inazungushwa na mwenzake, inavuta hewa kupitia filta na kuisukumia injini kwa presha. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi yanaungua vizuri, nguvu inaongezeka. Moshi ambao ungepotea bure unafanya kazi! Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, si kitu cha juzi.

Sasa hewa ikishindiliwa inapata joto, kwa hiyo inapitishwa kwenye intakula ipoe. Kutoka turbo hadi intakula, na kutoka hapo hadi kwenye injini, kuna mipira minene. Anzia hapo. Mpira ukichanika hewa inatorokea njiani, mafuta yanakosa hewa ya kuunguzia, ndiyo huo moshi mweusi. Na mluzi ni hewa inayopenya kwenye ufa.

Babu Dizeli:
Fundi wa dakika mbili huyo ni mtabiri 😂

Zima gari, lipoe, chomoa mpira unaotoka kwenye filta, kisha shika ncha ya shafti. Ikicheza kidogo kushoto kulia usishtuke, inaelea kwenye oili. Ikicheza mbele na nyuma, au panga za feni zimekwaruza ganda, hapo turbo kweli imekwisha. Sili zinazozuia oili isivuje zikifa utaona moshi wa bluu na oili inapungua, wewe huna dalili hizo. Injini ikiwa inawaka usipeleke kidole, kile kitu kinaweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika.

Mleta uzi:
Nimerudi. Shafti iko imara. Ila nimelala chini na tochi: mpira wa chini ya intakula una ufa karibu na klipu, urefu wa kidole, pamelowa oili na vumbi limeganda. Ukiuacha huuoni, ukiukunja unafunguka kama mdomo wa samaki.

Spana Kumi:
Umempata mchawi. Usiendelee kukanyagia hivyo hivyo, maana turbo inajizungusha kupita kiasi kufidia hewa inayovuja, utaiua kweli.

Babu Dizeli:
Weka mpira mpya na klipu mpya. Tepu usijaribu, yangu haikumaliza hata mlima mmoja. Na ukitoka kupanda mlima kwa resi usizime papo hapo, acha injini iwake bila kukanyaga mafuta dakika moja hivi, oili izunguke. La sivyo inaungulia kwenye beringi na kuwa masizi.

Mleta uzi:
Asanteni sana wakuu. Tepu nilikuwa nimeshaishika mkononi.