Fila ya taya na kidevu kwa mwanamume: nitarajie nini, na niulize nini kabla ya kulipa?

Mwenyeji_Milimani (Nakuru)

Habari zenu wakuu. Nina miaka 41. Nimepunguza kilo nyingi na uso umebaki mkavu: mashavu yamebonyea, na nikitazamwa upande kidevu kinaonekana kimerudi nyuma. Nataka fila, yaani jeli ya kuchomwa chini ya ngozi ili kujaza uso; upasuaji sitaki. Kliniki moja inasema sirinji moja inamaliza kila kitu. Saluni nyingine ina kalamu ya kupuliza fila bila sindano, kwa bei ya chini sana. Naomba kujua: mwanamume huhitaji kiasi gani, inakaa muda gani, na nitarudi kazini lini? Niko kaunta, natazamana na wateja siku nzima. Tena nanyoa kila asubuhi na vipele vya ndevu haviniishi shingoni.

SindanoNaKanula (Kisumu)

Ndugu, hiyo kalamu achana nayo kabisa. Inasukuma jeli kwa presha ipenye ngozi, na anayeishika hawezi kujua imetua kina gani. FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilitoa onyo dhidi ya vifaa hivyo mwaka 2021. Kwa kidevu ndiyo haina maana kabisa, kwa sababu jeli ya kidevu hutakiwa ikae ndani, juu ya mfupa.

Sasa hiyo sirinji moja. Ni ml 1, sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kidevu cha mwanamume pekee mara nyingi hula ml 1 hadi 2, na taya pande zote mbili ml 2 hadi 4. Mfupa ni mpana na ngozi ni nene, kwa hiyo kiasi kinachobadilisha uso wa mwanamke huenda kwako kisionekane. Anayekuahidi uso mzima kwa ml 1 atakutandazia kidogo kila mahali usione kitu, au ataimalizia yote kwenye mashavu. Na mashavuni ndiko wanaume wengi huharibiwa. Shavu la kiume ni bapa. Ukilijaza kwa mbele linakuwa la mviringo na sura inalainika kike. Aliyebonyea kwa kupungua uzito huwekewa kidogo kidogo pembeni ya shavu, kisha mnasubiri. Mimi ningeanza na kidevu na pembe za taya, halafu baada ya wiki 4 ndipo tuangalie kama mashavu bado yanadai. Mara nyingi kidevu kikishasogea mbele, uso wote husomeka upya.

Aina ya jeli: omba ya asidi ya hayaluroniki, ile ngumu kwa kidevu na taya. Huko hukaa mwaka mmoja hivi, wengine hadi miezi 18. Sababu ya kuichagua si muda, ni kwamba inayeyushwa na hayaluronidesi, kimeng'enya kinachochomwa kuivunja, jambo likiharibika. Silikoni ya maji haiyeyuki, ikiingia imeingia.

Ngozi_na_Ndevu (Eldoret)

Mwenzangu amemaliza upande wa kiasi, mimi naongeza ndevu, kwa sababu ndizo zinazosahaulika.

Kama una vipele vyenye usaha au vinavyouma sehemu itakayochomwa, tiba isubiri. Sindano ikipita hapo inabeba bakteria hadi kwenye jeli, na maambukizi yaliyokaa ndani ya jeli ni magumu kuyaondoa. Tibu vipele kwanza: acha wembe, tumia mashine ya kunyolea inayoacha unywele kama mm 1. Siku ya sindano usinyoe asubuhi, punguza ndevu kwa mashine siku moja kabla. Anayechoma asafishe kidevu na taya mara mbili kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na aiweke mbali na macho.

Eneo la ndevu lina mishipa midogo mingi ya damu, kwa hiyo mwanamume huvilia damu kwa urahisi. Brufen na asprini za kujinunulia, vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu, acha wiki moja kabla. Pombe saa 24. Lakini kama daktari wa moyo ndiye aliyekuandikia asprini au dawa ya kuzuia damu kuganda, usiache bila ruhusa yake. Ukiumwa baada ya sindano, meza panadol.

Kazini unaweza kurudi kesho yake, ila uvimbe huwa mkubwa siku ya 2 na ya 3, na alama ya damu huchukua siku 7 hadi 10. Kwa mtu wa kaunta, Ijumaa jioni ndiyo nzuri. Usihukumu matokeo kabla ya wiki 2. Mwenye ruracio au harusi afanye angalau mwezi mmoja kabla.

Gym na sauna, saa 48. Kofia ya bodaboda yenye mkanda unaobana kidevu iepuke siku kadhaa. Na kinyozi: wengi wetu tukishanyolewa tunakandwa uso na kufunikwa taulo moto. Mwambie mapema aruke hiyo sehemu kwa wiki 2, maana jeli mbichi inasogezwa na vidole. Daktari wa meno pia asubiri wiki 2.

Jambo la mwisho: kama mwili wako hutoa keloidi, yaani makovu yanayovimba, sema kabla. Kwa ngozi yetu hata alama ya damu inaweza kuacha doa jeusi kwa miezi, kwa hiyo paka losheni ya kuzuia jua.

Mwenyeji_Milimani

Asanteni sana. Hiyo ya kinyozi nisingeifikiria. Lakini hili la "jambo likiharibika": ni jambo gani hasa, na nitalijuaje? Pia kliniki inasema wanatumia kanula, ile sindano ndefu yenye ncha butu, kwa hiyo hakuna hatari.

Zamu_ya_Usiku (Kakamega)

Kanula inapunguza hatari, haiifuti. Hatari yenyewe ni jeli kuingia ndani ya ateri, mshipa unaopeleka damu kwenye ngozi, na kuiziba. Kaza meno, kisha weka kidole kwenye ukingo wa chini wa taya, mbele tu ya msuli unaovimba. Unasikia mpigo? Hiyo ni ateri ya uso, na inakatiza hapo hapo wanapochonga taya. Anayechoma lazima aitafute kwa kidole kabla hajafungua sirinji. Kubaya zaidi ni kati ya nyusi na kwenye mwamba wa pua: jeli ikiingia huko inaweza kurudi hadi jichoni na mtu akapofuka. Kama ni mara yako ya kwanza, pua usiiguse.

Vitabu vinasema ngozi hupauka. Kwenye ngozi nyeusi, na chini ya ndevu, weupe huo haujitokezi vizuri. Bonyeza ngozi kwa sekunde chache, achia, na linganisha pande mbili: damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, shuku. Angalia pia ndani ya mdomo na ufizi. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua ganzi inapoisha, mabaka kama wavu, kisha baada ya siku chache vijipu na ngozi kuwa ya kijivu, hiyo ni ateri imeziba. Hairuhusiwi kusubiri kesho. Macho yakififia ghafla ni dharura ya dakika. Sabatia kule Vihiga kuna hospitali ya macho, ila ukiwa Kisumu au Nakuru barabara peke yake inakula muda ulionao. Hayaluronidesi lazima iwe chumba kile kile unachochomewa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa waambie wakuonyeshe. Sio kichupa kimoja tu. Mshipa ukiziba huchomwa dozi kubwa kwa kurudia, na kichupa cha yuniti 1500 kinaweza kuisha mara moja. Soma tarehe. Ukiwa na mzio wa nyuki, waambie, maana sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo.

Jina la daktari litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni.

SindanoNaKanula

Naunga mkono. Kwenye kidevu mimi bado napendelea sindano iliyogusa mfupa kuliko kanula, lakini polepole, kidogo kidogo.

Boksi lifunguliwe mbele yako. Ndani kuna stika za namba ya toleo: moja ibandikwe kwenye faili, moja uondoke nayo. Jeli huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 25, na huku Kisumu mchana tunapita 30. Uliza boksi lilifikaje: lililoshinda kwenye buti ya matatu likataeni. Na ml 0.4 ikibaki usikubali "tukuwekee kwenye friji". Sirinji ikishafunguliwa ni ya mtu mmoja, siku moja.

Ngozi_na_Ndevu

Niongeze kwa wanaosoma kimya. Kama mashavu yalibonyea kwa sababu ya ARV za zamani, hasa stavudini, ambayo WHO ilishauri iondolewe mwaka 2009, hiyo si suala la urembo tu. Sculptra, fila ya aina nyingine isiyo ya hayaluroniki, ilikubaliwa na FDA mwaka 2004 kwa tatizo hilo hasa. Haijazi papo hapo: huchochea ngozi itengeneze kolajeni, protini inayoipa unene, kwa miezi kadhaa, na hayaluronidesi haiiyeyushi, kwa hiyo anayeichoma awe mzoefu nayo. Mwambie dawa zote unazomeza, na zile za kila siku usiruke hata moja kwa ajili ya sindano.