Tupeane uzoefu: dawa ulizonunua bila cheti cha daktari, za dukani na za asili, zilikufanya nini?

Wakuu, naanza mimi. Mama yangu ana miaka 67, magoti yalimsumbua mpaka akawa anasali amekaa kwenye kiti. Mwaka jana akaletewa unga wa "mitishamba ya viungo". Kopo jeupe la plastiki, karatasi imebandikwa kwa gundi, picha ya mti na namba ya simu. Hakuna namba ya usajili, hakuna orodha ya vilivyomo, hata tarehe ya kuisha hakuna. Siku ya tatu maumivu yakakata, nyumba nzima tukafurahi. Miezi minne baadaye uso umevimba mviringo, sukari juu, presha haishuki. Daktari alipoliona kopo alisema anahisi ndani yake mna steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na maumivu, zinazofanana na homoni za mwili), za jamii ya deksamethasoni, na akatukataza kumwachisha ghafla. Mwili ukizoea steroidi huacha kutengeneza ya kwake, ukiikata siku moja mtu anaanguka. Akapunguziwa dozi kwa vidonge, wiki baada ya wiki. Nina hasira mpaka leo na aliyechanganya ule unga, maana mama aliamini anakunywa mizizi. Leteni yenu, na mtaje mlichanganya na nini.

MamaWawili: Mwanangu wa miaka miwili alikuwa na homa na mafua. Asubuhi nikanunua dawa ya maji ya homa, jioni dada akanunua ya mafua duka lingine. Tukampa zote usiku kucha. Kulipokucha ndipo nasoma maboksi: majina tofauti, ndani zote paracetamol. Moja imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Nilimbeba hospitali natetemeka. Paracetamol ikizidi huumiza ini, ila la kwake lilikuwa salama, namshukuru Mungu. Hakuna duka lililoniuliza mtoto ameshapewa nini.

Kaunta: Nauza Duka la Dawa Muhimu, mwaka wa sita sasa. Haya maduka yalianzia Ruvuma 2003 ili hata kijijini dawa iuzwe na mtu aliyepata mafunzo. Mteja anaingia: "Nipe rangi mbili, nne tu," yaani kapsuli za antibayotiki. Nikimuuliza anaumwa nini, ananuna, anakwenda duka la jirani ambako haulizwi. Inayoniuma zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Mzee mmoja alikuwa anaimeza kila siku kabla ya kula, kumbe ana vidonda vya tumbo. Alikuja kutapika damu. Jamani, tukiuliza hatuwachunguzi, tunawalinda.

MzeeWaMizizi: Mimi ni mganga wa tiba asili, nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Dawa yangu niliipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikapimwe kabla sijaibandika lebo. Nimetumia muda na pesa, halafu mtu anapanda basi na makopo yake yasiyo na jina anauza kuliko mimi. Mkuu, lile kopo msilitupe. Lipelekeni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au Baraza, likapimwe.

Mwanzisha mada: Asante sana mzee. Kopo lipo, limebaki robo. Sukari ya mama imeshuka, magoti yameanza tena kuuma. Ila mama mdogo bado anautumia ule ule unga, na aliyemwelekeza ni mama. Jumamosi tunakwenda kwake pamoja, na mama amesema ataongea mwenyewe.