Kijitabu kinaenda Nasser Road wiki ijayo, makosa tunayamalizaje?

mkulima_elgon: Wandugu habari zenu. Kikundi chetu huku Mbale tumeandika kijitabu cha kulima kahawa, kurasa 24 kwa Kiswahili, wiki ijayo kinaenda Kampala kwa wachapaji wa Nasser Road. Kompyuta haionyeshi mstari mwekundu hata mmoja lakini mzee mmoja wetu kafungua tu ukurasa wa tatu akakuta kosa. Tumekisoma mpaka tumekikariri, hatuoni kitu tena. Nyinyi mnafanyaje?

mwl_jinja: Kompyuta inaangalia kama neno lipo, haijui kama ndilo ulilotaka. Na sisi Waganda r na l zinatuchezea, mtu anaandika "mahari pa kuanikia kahawa" kompyuta inanyamaza, kumbe shamba limeshalipiwa ng'ombe 😂 Tafuta kwa kompyuta mahari, kura, mbari, moja moja, uone kila ilipotokea. Halafu vichwa vya habari na maneno ya chini ya picha, hapo jicho huwa linaruka.

fundi_pleti: Mwalimu kasema kweli ila hela inapotea kwingine ssebo. Ukishasaini prufu, yaani nakala ya majaribio, pleti zinatengenezwa, yale mabamba ya kuchapia, rangi nne ni pleti nne kila upande wa karatasi, ukiona kosa baada ya hapo unalipia upya. Kwa hiyo printi, msisome kwa simu, mkae wawili, mmoja asome kwa sauti kutoka nakala yenu ya mwanzo na mwingine afuate kwenye prufu na kalamu nyekundu, tarakimu mzitaje moja moja hasa vipimo vya dawa maana nukta ikiruka 2.5 inakuwa 25 na hapo mmeunguza kahawa ya watu. Masahihisho yote yakae kwenye nakala moja, siyo kila mwanakamati anatuma ya kwake wasapu saa nne usiku. Yakishaingizwa rudini msome aya nzima, siyo neno lile tu, anayetaipu upya analeta makosa mapya. Na msiongeze aya! Kijitabu cha pini kurasa zinaenda nne nne, mkizidi 24 mnalipia 28.

nyabo_arabika: Kuna Biblia ilichapwa London 1631, neno moja la kukataza likaanguka kwenye amri ya uzinzi, ikawa watu wanaamriwa wazini. Wachapaji walipigwa faini pauni 300. Na hao walikuwa wachapaji wa mfalme.

mkulima_elgon: 😂😂 asanteni sana. Yule mzee ndiye atashika kalamu nyekundu, hatujali macho yake ya miwani. Na jalada je, PDF inatosha?

fundi_pleti: Jalada dai prufu ya karatasi, rangi ya kwenye skrini inadanganya. Na ile namba ya simu ya kikundi msiisome tu, ipigeni kutoka kwenye hiyo prufu msikie nani anapokea.