Naomba ushauri: ujasiriamali ndani ya vipindi vya kawaida, nianzie wapi?

Mwalimu wa Tano
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati na Kiswahili darasa la tano, shule ya serikali. Nataka stadi za ujasiriamali ziingie humo humo kwenye masomo, maana ratiba imejaa. Mwenzangu aliwapa watoto karanga wakauze mtaani, wazazi wakaja juu, na nawaelewa. Nifanyeje?

Mama Mandazi
Mwalimu, kuuza watoto wetu wanajua. Kupiga hesabu ndiko kunakowashinda hata watu wazima. Chukua mfano wangu: unga kilo moja 2,000, sukari robo 800, mafuta 1,200, mkaa 500. Jumla 4,500. Napata mandazi 30 ya mia mbili mbili, yaani 6,000. Faida 1,500, sivyo? Sasa yakibaki matano, faida inashuka hadi 500. Waulize: kesho tupike machache, au tushushe bei ikifika saa nne? Kila kundi litetee uamuzi wake. Hakuna mtoto atakayetoka nje ya geti.

Mdau wa Elimu
Wazo zuri, ila mtihani wa kumaliza shule ya msingi haumsubiri mtu. Muda utatoka wapi?

Mama Mandazi
@Mdau faida na hasara si mada ya Hisabati? Anabadilisha swali tu.

Mstaafu
Naungana na mama. Sisi tulifundisha enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Nilikofundisha tulikuwa na shamba na kuku, lakini hesabu za mauzo zilibaki ofisini. Mtoto alishika jembe, daftari hakulishika. Hilo liliniuma sana. Kama mna bustani ya mchicha, daftari la mapato na matumizi washike wanafunzi kwa zamu, na wao ndio waamue wapande nini. Kwenye Kiswahili, barua rasmi iwe ya kweli: wamwandikie afisa kilimo wa kata kumwomba aje kuwaelekeza. Halafu waigize muuzaji na mteja aliyerudisha bidhaa mbovu. Hapo utaona nani anajua kusikiliza.

Mwalimu wa Tano
Asanteni sana, shikamoo Mstaafu. Jumatatu naanza na mandazi. Mlioko Mwanza na Mbeya, unga kilo ni bei gani huko? Nataka makundi yalinganishe.