Shifoni, jojeti au oganza: ipi ya gauni la sendofu?

Shani_TMK: Habari zenu wapendwa, naomba kueleweshwa. Sendofu ya dada yetu imekaribia na sisi wadogo zake tumepewa rangi ya pichi, sasa nimepita Kariakoo kila duka nikiulizia shifoni naonyeshwa kitu tofauti, kimoja laini kinateleza mkononi, kingine kimekakamaa kama karatasi, kingine kina vikunyanzi vidogo vidogo na kizito kiasi, na wote wanasema ndo shifoni yenyewe. Nataka gauni refu la kumwagika ila lisionyeshe mwili maana wazee watakuwepo. Nichukue kipi?

fundi_halima: Mdogo wangu hivyo ni vitambaa vitatu. Kilichokakamaa ni oganza, hiyo waachie mikono ya puto na marinda ya kusimama, haimwagiki hata umwombe. Chenye vikunyanzi ni jojeti, na hicho kinachoteleza ndo shifoni. Shifoni na jojeti ni ndugu, nyuzi zake zinasokotwa sana kabla ya kufumwa ndo maana ukipitisha kidole unasikia kamkwaruzo, ila jojeti haionyeshi sana. Kwa hilo gauni mimi nakushauri jojeti, ukiipenda shifoni weka tabaka mbili, na yoyote utakayochukua lazima bitana ya rangi ileile. Mwambie fundi bitana asiikunje pamoja na kitambaa cha juu, pindo ziachane, bitana iwe fupi kidogo, la sivyo gauni linavutana halimwagiki tena.

Na umuulize anakataje. Shifoni inakimbia mezani, mimi naitandika juu ya karatasi naibana na pini nakata vyote pamoja, sindano namba 9 mpya. Mshono wa ubavuni nashona kwanza upande wa nje, napunguza ncha, nageuza nashona tena kwa ndani, nyuzi zote zinajificha humo. Mwisho gauni lilale limetundikwa ndo pindo ikunjwe kesho yake, sehemu zilizokatwa mshazari zinashuka zenyewe.

kaka_vitambaa: Naongezea hapo, nyingi za madukani ni polista. Zamani shifoni ilikuwa hariri tupu, ya nailoni ikaja 1938 na ya polista 1958, bei ndo ikashuka. Ukiambiwa ni hariri omba nyuzi chache uzichome, polista inayeyuka inaacha kidonge kigumu cheusi, hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika. Sio kwamba polista mbaya jamani, kwa sherehe inafaa sana na haichuji ovyo, ila pasi iwe ya moto mdogo na uweke kitambaa juu, ikishika moto mkali imekwisha.

bi_mvita: Shani mwanangu, Wasomali gauni lao la dirac ni jepesi laonyesha kabisa, na ndani wavaa gogorad yenye urembo, yaani lile la ndani lafaa lionekane, huwa wapendeza mno. Nawe vaa gagulo zuri la satini, hata bitana ikiwa nyepesi hutakuwa na wasiwasi ukisimama kwenye taa.

Shani_TMK: Asanteni sana, nimeamua jojeti. Fundi Halima, nichukue mita ngapi?

fundi_halima: Uliza upana kwanza, zipo za inchi 45 na za inchi 60, hesabu haiwi moja. Niandikie urefu wako kuanzia begani hadi chini na unataka mwaga kiasi gani, nikupigie hesabu kabla hujalipa.