JAMAA WA BOTI NYEUPE KAKITUPA TENA CHAMBO CHA MPIRA BAHARINI, MBELE YA MACHO YANGU!!!

Mods, huu uzi msiufute wala msiuunganishe na ule wa takataka za ufukweni. Nimetoka gatini sasa hivi, mikono inatetemeka, simu imejaa magamba.

Jamaa mnamjua wote. Boti nyeupe, miwani ya jua hata baada ya Isha, anapeleka wageni kuvua kwa raha zao, wakimpata samaki wanapiga naye picha wanamrudisha majini. Jina sitaji, nisije nikaitwa.

Asubuhi nimenunua chewa pale soko la samaki la Deep Sea, kwa bei ya kuuzia figo. Kichwa kikubwa, tumbo limetuna, mgongo umekonda. Nikasema huyu ana mayai, leo tutakula. Mke wangu kampasua: yai hakuna, kibua hakuna, kaa hakuna. Kuna kimpira cha kijani kinachong'aa, chambo bandia cha kuvulia, kina mkia wa kujikunja na macho ya kuchora yananitazama! Kimevimba mpaka kimejaza mfuko wa tumbo wote. Upande wa kichwa laini, mkiani kigumu kama ukucha. Na Tanga hii nani mwingine anavua kwa pipi?

Nikakifunga kwenye gazeti na utelezi wake hivyo hivyo, nikampelekea. Gati limejaa watu: wabeba barafu, wachuuzi, wazee wanashona nyavu. Nikamwambia, bwana, mali yako hii, imetoka tumboni mwa kitoweo changu.

Akakipokea. Akakisuuza. Akakivuta-vuta. Akasema, "Aa, hiki kimechanika." AKAKITUPA BAHARINI.

Chubwi! Sijamaliza hata kuongea! Halafu akajifuta mikono kwa gazeti langu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Mie nimewahi kunyang'anywa mfuko wa vitumbua stendi na maneno juu. Yeye anamwaga plastiki baharini mchana kweupe na watu wanamsalimia. Silikanti wetu, yule samaki wa kale, ukoo wake una miaka milioni 400, umewaona dinosaria wakija na kuondoka, sasa unakwenda kumalizwa na kimkia cha kijani.

Na kwa nini akisuuze? Kitu unakitupa, unakisuuza cha nini?

Pweza Mkavu: Uzi bila picha ni chai.

Mtoa mada: Picha nikupigie wapi, si nimekwambia KAKITUPA?

Mama wa Sahare: Chewa mlimla au mlimtupa? Jibu hilo kwanza baba.

Mtoa mada: Tumemla. Wa nazi. Hiyo si hoja, mama.

Mama wa Sahare: Hahahaa, umekula mchuzi wa mpira halafu umekwenda kumgombeza mtu.

Nahodha Mstaafu: Mwacheni, hoja anayo ila anapiga kelele. Vile vidude vingi ni PVC, aina ya plastiki, iliyolainishwa kwa kemikali, nyingine za kundi la thaleti. Majini vinavimba, tumboni havisagiki. Vingine vimetiwa chumvi na harufu ndani, kwa hiyo hata kikianguka bila ndoana samaki anakifuata. Marekani watafiti waliwatilia samaki aina ya trauti vimpira hivyo kwenye matangi; zaidi ya nusu wakavimeza wenyewe, wala hawakulazimishwa, halafu hamu ya kula ikapungua na uzito ukashuka. Huyo mgongo uliokonda, mtoa mada, ndiyo habari yenyewe. Jimbo la Maine mwaka 2013 uliletwa muswada wa kuvipiga marufuku, wavuvi wakaja juu, ukaishia kwenye agizo la kufanya utafiti. Ila silikanti mwache, yule anakaa chini sana kilindini, watakutana wapi?

Mtoa mada: Silikanti nilitolea mfano tu mzee wangu. Shikamoo. Lakini umeona alivyokisuuza?

Dunda Mjini: Nyie Tanga mnalizwa na kimpira? Njooni Bagamoyo. Nyavu za nailoni zilizokatika zinavua zenyewe usiku na mchana, hakuna wa kuzitoa, samaki wanaozea humo humo. Na pampasi je? Juzi mshipi umekaza, nikajua samaki taa huyo, nikaita na wenzangu waje kusaidia kuvuta. Pampasi. Imejaa mchanga, nzito kuliko samaki wote wa siku ile.

Pweza Mkavu: Ya saizi gani? 😂

Mwana wa Kigombe: Halafu Tanga hii hii watu wamepiga baruti miaka na miaka, matumbawe yamekuwa kokoto, leo mnatoana povu kwa kimkia cha kijani.

Mtoa mada: Baruti nilipiga mimi? Narudia kwa waliochelewa: nimempa mkononi, AKAKISUUZA...

Mama wa Sahare: Tumeshasikia baba.

Mchuuzi Baiskeli: Mie kinachonikera ni barafu. Unanunua bonge, ukifika Pongwe umebeba maji.

Dunda Mjini: Afadhali ya barafu. Kuna yule wa mizani anayesahau kidole juu ya sahani.

Mchuuzi Baiskeli: Kumbe na huko yupo? Wa kwetu juzi kanipimia samaki changu kilo mbili, nafika kwa mteja ni kilo na robo. Mteja kaniita mwizi mbele ya wakwe zake.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada.

Mwana wa Kigombe: Wa kwenu anatumia kidole gani?

Mchuuzi Baiskeli: Gumba. Kile chenye pete.

Mama wa Sahare: Namjua huyo! Na pete yenyewe hajamaliza kulipa.